Mluzi wa Tatu

Uteuzi kumi na mmoja, gazeti liliandika,
kwa filamu ya ndugu wanne wanaogombea friji ya marehemu mama yao.
Kaka yangu Omkar alikuwa wa kumi kwenye orodha,
chini ya mavazi, juu ya nywele:
usanifu wa sauti.
Mama akavaa miwani.
"Sauti nayo husanifiwa? Si hutoka tu?"

Nikamkumbusha Jumapili ile ya mvua, hapa hapa Dombivli,
Omkar alivyozima feni, akafukuza kunguru dirishani,
akamwomba Bi Sulbha wa mlango wa pili
anyamazishe tamthilia yake nusu saa,
kisha akakilaza kinasa sauti juu ya gazeti, kando ya jiko,
kama anayemlaza mtoto mwenye homa.
Tukangoja watatu, bila kukohoa,
dengu ziive.

Sufuria ile ya presha ni rika langu.
Mpini wake umefungwa waya.
Mluzi wa kwanza hutoka kama mtu anayeomba radhi,
wa pili hukasirika,
wa tatu hupanda, hukwama, huvunjika katikati.
Kikohozi cha baba yenu, Mama husema,
halafu husema hapana,
ni mpira wa kifuniko tu, umechakaa.

Sinema nzima ilicheka mluzi wa kwanza.
Wa pili ikacheka zaidi.
Wa tatu, wale ndugu wanne wakaachia friji,
na nyuma yangu nikamsikia mtu akipekua mkoba, anatafuta leso.

Usiku wa tuzo jirani walijaa mpaka kitandani.
Mwigizaji bora: mwingine.
Mwongozaji: mwingine.
Hadithi, nyimbo, mavazi, bibi yule mcheshi
aliyelala ndani ya kabati, hata yeye, mwingine.
"Kuteuliwa nako ni kushinda," Bi Sulbha akatufariji.
"Mimi waliniteua wachumba sita," Mama akajibu.
"Kawaulize wale watano."

Ndipo likatajwa jina letu, limetamkwa vibaya.
Omkar akapanda jukwaani na suti ya kukodi,
mikono ya koti imemmeza vidole.
Akamshukuru mwongozaji, akamshukuru Ketaki mkewe,
akamshukuru kijana aliyebeba nyaya.
"Na zaidi ya wote, namshukuru—"
Muziki ukapanda. Tangazo la mafuta ya nywele.

Tuzo ya sauti, na sauti ikakatwa.

Chumbani hakuna aliyepumua.
"Alikuwa anaitaja sufuria," Mama akasema.
"Alikuwa anakutaja wewe."
"Ni yale yale," akasema, akaenda kuosha vikombe.

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tuambiwavyo.
Anayetunza, methali imempita mlangoni
bila hata hodi.

Omkar alikuja Jumanne, kwa treni ya jioni,
tuzo ndani ya mfuko wa mboga ili asiulizwe maswali.
Mama akaipima mkononi, akaigonga kwa kijiko,
akainamisha sikio kama jaji.
"Nzito. Lakini haisemi kitu."
Akamkabidhi kisu na vitunguu vinne.

Mluzi wa kwanza. Wa pili.
Wa tatu ukapanda, ukapanda,
ukatoka mnyoofu, safi, kama kengele ya shule.
Kisu cha Omkar kikabaki hewani.

"Mpira mpya," Mama akasema. "Rupia sitini.
Nchi nzima imeshasikia ule wa zamani ulivyochoka,
nikaona haya."

Kaka yangu akauliza, polepole,
wa zamani umeutupa wapi.

Mama akaelekeza kidevu mezani:
alikuwa ameutandika chini ya tuzo,
isije ikakwaruza mbao.